Kaimu na Mwenyewe

"Wamempata mwenyewe," baba alisema, huku akinawa mikono kwenye beseni.

Mama, aliyekuwa akipakua chakula, alidhani ni habari za jirani aliyeokota simu ya watu. Akauliza mwenyewe wa nini. Baba alijifuta mikono kidole kimoja kimoja, akavuta kiti, akakaa.

"Mwenyewe wa kiti changu."

Kwa asiyejua mambo ya maofisini, kaimu ni mtu anayekalia kiti mpaka mwenyewe apatikane. Hufanya kazi zote za mwenyewe na kubeba lawama zote za mwenyewe, ila mshahara wa mwenyewe huusikia tu kwa wenzake. Baba huyu alikuwa kaimu mkuu wa kitengo cha kufulia katika hospitali kubwa tangu binti yake yuko shule ya msingi, na sasa binti alikuwa mwaka wa mwisho chuo kikuu. Kazini walimwita Kaimu, dukani walimwita Kaimu, na watoto wa jirani waliamini ndilo jina alilopewa siku ya kuzaliwa. Yeye aliitikia. Kila mwaka aliambiwa kuthibitishwa kwake kuko njiani, na njia hiyo, sijui ilikuwa inazunguka wapi, haikufika.

Mama aliuliza huyo aliyepatikana ni nani. Baba akajibu kwamba ni kijana, ana adabu, ana cheti, na ataanza wiki hiyohiyo. Yeye atamkabidhi funguo, kisha atarudi kwenye meza ya kuchambua mashuka, palepale alipoanzia kazi ujanani.

"Na wewe wamekwambiaje?"

"Wamenishukuru. Wamenipigia makofi."

"Makofi hayapikwi," mama alisema, akaweka sufuria chini kwa kishindo kidogo kuliko alichotaka.

Baba alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Alisema si kitu, kazi ni kazi, na mashuka hayajui nani mkuu. Kisha uso ukamchangamka kidogo, akamgeukia binti yake. Ijumaa, alisema, yeye ni mgeni wa heshima chuoni. Kule hakuna ukaimu. Ameshawaambia wenzake wote, na fundi wa boila ya maji ya moto ameomba ruhusa ya kutoka mapema aje amsikie.

Binti alikuwa na tonge mdomoni, likamkwama. Akanywa maji. Akasema ndiyo, baba, itakuwa vizuri, na alipolisema hilo alikuwa akiangalia glasi.

* * *

Chuoni binti huyu aliitwa Masikio. Alikuwa akisomea utengenezaji wa michezo ya kompyuta, na katika kundi lao la watu wanne yeye ndiye aliyeshughulikia sauti zote: milango, nyayo, mvua, pumzi. Kiongozi wao alikuwa msichana waliyemwita Ratiba, ambaye hata chai aliinywa kwa kupanga. Kijana mrefu mwembamba, Msumari, aliandika programu. Wa nne alikuwa Brashi, mchoraji, mtu wa maneno machache na rangi nyingi.

Mchezo wao ulikuwa wa gizani. Mchezaji yumo ndani ya jengo kubwa lililozimika taa, haoni kitu isipokuwa vivuli, na kinachomtoa nje ni sauti ya mtu inayomwongoza: kushoto, simama, inama, songa mbele. Sauti ndiyo ilikuwa roho ya mchezo wote. Na kwa muda wote wa kuujenga, sauti hiyo ilikuwa ya baba yake Masikio.

Alimrekodi nyumbani, ndani ya kabati. Mwalimu wao aliwafundisha kwamba nguo zilizotundikwa humeza mwangwi, basi baba akasimama kichwa kikiwa katikati ya magauni ya mkewe, simu ya binti mkononi, mama akiwa kitandani anajiziba mdomo asicheke. Alisoma maneno aliyopewa na kuongeza yake. Kila palipokuwa na hatari alisema, "Taratibu, mama. Nipo." Masikio alirithi jina la bibi yake mzaa baba, kwa hiyo baba hakuwahi kumwita kingine zaidi ya mama, na maneno hayo ndiyo aliyomwambia kila walipovuka barabara tangu alipokuwa anaanza shule. Aliyasema pale kabatini bila kuambiwa, na binti hakuyafuta.

Alichokuwa hajui baba ni kwamba aliwekwa kwa muda tu. Wanaotengeneza michezo hawangoji kila kitu kiwe tayari ndipo waanze. Mlango ukiwa haujachorwa, huweka sanduku jeusi mahali pake wakaendelea na kazi, na mlango wenyewe ukija sanduku hutupwa. Kila kundi lina jina lake la vitu vya namna hiyo. Kundi la akina Masikio liliviita kaimu.

Neno lilitoka kwake. Mwaka wa kwanza, Brashi alipoweka duara jekundu mahali pa jua, Masikio alisema kwa mzaha, "Hilo si jua, hilo ni kaimu jua." Walicheka mpaka Msumari akateremka kwenye kiti. Tangu siku hiyo kukawa na kaimu mlango, kaimu ngazi, kaimu paka. Msumari alifanya ubaya zaidi: aliupanga mchezo ili ukikosa kitu chochote uandike kwenye skrini, kwa herufi kubwa, KAIMU AMEONDOLEWA. MWENYEWE HAJAFIKA. Hata mhadhiri alilipenda neno, akalitumia darasani. Hakuna aliyejua kwamba kuna mtu halisi, mwenye mke na viatu vya kwenda kazini, anayeitwa hivyo. Masikio naye hakusema, kwa sababu mwanzoni ilionekana jambo dogo, na baadaye lilikuwa kubwa mno.

Basi asubuhi iliyofuata makofi ya baba, Ratiba alisimama mbele ya meza yao katika maabara na kutangaza habari njema. Mjomba wake, mtangazaji wa redio, amemaliza kurekodi maneno yote, tena bure. Akawasikilizisha. Ilikuwa sauti safi, nzito, iliyonyooka. Masikio ndiye aliyeyaandika maneno yale kwenye karatasi ili mjomba ayasome. Aliyachukua moja kwa moja kutoka kwa baba, neno kwa neno, na mjomba aliyasoma kama alivyoyakuta.

"Mjomba aliniuliza, mama ni nani humu?" Ratiba alisema. "Nikamwambia soma tu, kuna mtu wetu wa sauti anajua."

Kanuni ya mhadhiri ilijulikana: siku moja kabla ya maonyesho, ambayo yangefanyika Ijumaa, kila chenye jina la kaimu kinatafutwa na kufutwa, ili kisibaki hata kimoja mbele ya wageni. Na wageni safari hii hawakuwa wa mchezo. Kampuni moja ya kutengeneza michezo ilikuwa inatafuta kundi la kuajiri mwaka mzima, kazi ya mshahara. Ratiba alikuwa analala sebuleni kwa shangazi yake na kuamka kabla watoto hawajaanza kukanyaga godoro. Hakuwa na nafasi ya kukosea.

Masikio aliuliza kama hawawezi kuibakiza sauti ya zamani. Aliuliza kwa namna ya mtu anayeuliza saa. Msumari alisema ile ina kitu, hata yeye ameizoea. Ratiba akatikisa kichwa: mle ndani mna kikohozi, mna mlango wa jirani unabamizwa, na kundi lilishapiga kura mwezi uliopita, yeye Masikio mwenyewe akanyoosha mkono.

"Kwani huyu mzee ni nani? Ndugu yako?"

Hapo ndipo pa kusema. Masikio aliona kabisa jinsi habari itakavyokwenda: baba, halafu jina la baba, halafu lile neno, halafu nyuso zao wakikumbuka jinsi walivyokuwa wakicheka.

"Hapana," alisema. "Ni mzee mmoja tu wa mtaani kwetu."

Ratiba akasema basi hakuna tatizo, mzee atashukuriwa. Masikio akarudi kwenye kiti chake, masikio yakimwaka moto, akajichukia.

* * *

Siku baba alipokabidhi funguo, alirudi nyumbani mapema kuliko kawaida na kuanza kupiga viatu rangi. Hakulalamika. Alisimulia tu, kama anayesimulia ya mtu mwingine, kwamba kijana alimwita "mzee wangu" na kumwomba aonyeshwe swichi ya birika. Mkutano wa asubuhi ulifanyika mlango umefungwa, na yeye kwa mazoea akanyanyuka kwenda, akafika hadi kwenye kitasa ndipo akakumbuka. Waliokuwa kwenye meza ya kuchambua walijifanya wanahesabu foronya.

Kisha akaanza maswali ya Ijumaa. Wageni watamsikia mwanzoni au katikati? Watakuwa wengi? Yale maneno ya mwisho, yanayopanda kwenye skrini mchezo ukiisha, nayo jina lake litakuwemo?

"Litakuwemo," Masikio alisema.

"Jina lenyewe lakini. Si hili la kazini."

"Jina lenyewe, baba."

Mama alikuwa mwalimu wa chekechea, na watu wanaoshinda na watoto wadogo hawadanganywi na wakubwa. Alimwita jikoni kumsaidia kuchambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa. Akasema, bila kuinua macho, kwamba mwanawe tangu utotoni akidanganya hushika sikio, na sasa amelishika mpaka limekuwa jekundu.

Masikio akamweleza yote, kwa sauti ya chini. Alimweleza kabati, mtangazaji na kura. Lile neno alilifikia mwisho, na alipolitaja mama aliacha kuchambua.

"Mmekuwa mkicheka kwa jina la baba yako."

"Hawajui, mama. Mimi ndiye najua."

"Ndiyo maana nakwambia wewe." Hasira na huruma ziligombania uso wa mama. "Sikiliza. Baba yako hakumalizwa na cheo. Amemalizwa na watu wazuri. Kila mkubwa aliyepita pale alijua hatathibitishwa, na kila mmoja alimwonea huruma, akamwambia subiri. Ukimwonea huruma na wewe, utakuwa mmoja wao. Nenda kamwambie. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Masikio alipiga moyo konde, akaenda chumbani kwao. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Baba alikuwa amesimama mbele ya kabati, kichwa ndani ya magauni, akijaribu maneno yake: "Kushoto. Simama hapo. Taratibu, mama. Nipo." Alirudia la mwisho kwa namna mbili, moja nzito, nyingine nyepesi, akitafuta iliyo bora, labda kwa kudhani Ijumaa wageni watamwomba aseme mbele yao.

Angekuwa amekaa, au anasoma gazeti, huenda binti angesema. Lakini kumwita mtu atoe kichwa kabatini ili umwambie hatakiwi, hilo lilimshinda. Akarudi jikoni. Mama alimtazama usoni, akachukua ungo wake na kuendelea na mchele.

* * *

Ufutaji ulifanyika kama ulivyopangwa. Ratiba aliandika neno kaimu kwenye sehemu ya kutafutia, orodha ndefu ikatokea, na Msumari akavisindikiza vyote kwa wimbo wa maombolezo alioutunga hapohapo. Mchezo ukajaribiwa kwa sauti ya mjomba, ukaenda bila kukwama. Masikio alipiga makofi pamoja na wenzake. Makofi yale yalimuuma mikono.

Lakini yeye alikuwa na nakala ya sauti ya baba kwenye kompyuta yake, na usiku mzima aliwaza jambo moja. Ijumaa asubuhi, wenzake wakiwa ukumbini wanahangaika na meza na nyaya, alibaki peke yake maabara kwa kisingizio cha kurekebisha sauti ya mvua. Akafungua kazi yao ya pamoja. Akaitoa folda ya mtangazaji, iliyoitwa mwenyewe_sauti, akairudisha ya baba.

Angeipa jina lilelile la mtangazaji, mambo yangekwenda na pengine hakuna ambaye angejua mpaka jioni. Lakini mikono yake ilikataa. Baba alikuwa ameishi kwenye kiti cha mwingine maisha yake yote, na yeye hakutaka kumweka tena chini ya jina la mwingine. Akafuta neno kaimu kwenye ile folda, na mahali pake akaandika neno ambalo hospitali ilishindwa kuliandika. Akaiita mkuu_sauti. Aliitazama kwenye skrini, machozi yakamlenga, akajisikia kwa mara ya kwanza wiki ile kwamba amefanya jambo la haki.

Mhadhiri wao alikuwa na msemo: usibadilishe jina siku ya harusi. Mchezo haumjui mtu kwa uso wala kwa tabia, unamjua kwa jina aliloandikiwa, na programu ya Msumari ilikuwa imeambiwa imwite mwenyewe_sauti. Masikio alilijua hilo kama anavyojua jina la mtaa wao. Lakini Ratiba alikuwa anapiga simu kwa mara ya tatu, wageni wameshaingia, na furaha ilimziba Masikio akili. Hakujaribu. Alifunga kompyuta, akakimbia.

* * *

Baba alikuja amevaa koti, na viatu vyake viling'aa kuliko vya mhadhiri. Pamoja naye alikuwa mama na fundi wa boila, mwanamke mpana mwenye sauti ya kushindana na mashine. Walisimama mbele kabisa. Baba alimsalimia kila mtu wa kundi kwa mkono, na alipofika kwa Ratiba akasema yeye ndiye baba yake huyu. Akaongeza, kwa aibu ya furaha, kwamba ndiye wa ile sauti.

Ratiba alimgeukia Masikio. Lakini wakati huohuo mama mmoja wa ile kampuni ya michezo, mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha mchezaji na kuuliza aanzie wapi. Msumari akamwonyesha. Skrini kubwa ikaingia giza. Kipaza sauti kilichokuwa mezani kikatoa mvua, kikatoa nyayo, kikatoa mlango unaofungwa. Ikafika zamu ya sauti.

Kimya.

Mama wa kampuni alingoja. Akasogea hatua mbili gizani, akagonga ukuta. Baba alikuwa ameinamisha kichwa kidogo kama anayesikiliza simu ya mbali. Kisha maandishi yakajitokeza, makubwa, meupe, yakienea skrini yote, na fundi wa boila, ambaye hakujua kusoma kimoyomoyo, akayasoma kwa ukumbi mzima.

"Kaimu ameondolewa. Mwenyewe hajafika." Akaangua kicheko, akampiga baba begani. "Kaimu! Hata huku wamekuandika!"

Baba naye alitabasamu, akidhani ni utani aliotayarishiwa na binti yake. Ratiba ni mtu wa kujikaza. Alimweleza mama wa kampuni, kwa adabu na kwa haraka, kwamba hilo ni kosa dogo. Kaimu ni neno lao la kazi, alisema, ni jina la kitu kisicho chenyewe, kinachowekwa kushika nafasi kisha kinatupwa. Masikio ndiye aliyewapa neno hilo mwaka wa kwanza, na limewachekesha sana.

Tabasamu la baba lilibaki usoni kwa muda baada ya mwenyewe kuondoka ndani yake. Fundi wa boila aliushusha mkono wake. Mama alimtazama binti yake, na hakukuwa na hasira tena katika macho yale, kulikuwa na kungoja tu.

"Huyu ni baba yangu," Masikio alisema. "Kazini wanamwita Kaimu. Neno nililitoa kwake. Na sauti ya zamani ni yake, nilisema ni mzee wa mtaani, nilidanganya. Leo asubuhi nimeirudisha bila kumwambia mtu, nikabadilisha jina. Ndiyo maana haisikiki."

Brashi alijifunika uso. Msumari aliangalia kibodi yake. Akasema kwa sauti ndogo kwamba folda zote mbili anazipata, ni kuirudisha ya mtangazaji au kubadilisha mstari mmoja tu kwenye programu iite ya mzee.

"Nimwite nani?" aliuliza.

Ratiba alijua jibu lake, lakini mwenye sauti alikuwa amesimama mbele yake amevaa koti. Masikio alisema, "Baba." Hakuna aliyejua kama anachagua au anaita.

Baba alijibu kama aliyeitwa.

"Mwekeni mwenyewe," alisema.

"Baba, hapana."

"Mwekeni mwenyewe, wanangu. Mgeni anangoja." Aliongea kwa upole uleule aliosimulia nao habari za birika. "Mimi kukabidhi nimeshajifunza wiki hii. Si kazi ngumu. Unaweka funguo mezani, unaondoa mkono."

Msumari aliirudisha folda ya mtangazaji. Giza likarudi, mvua ikarudi, na safari hii sauti ya mtangazaji ikaujaza ukumbi, safi, haina kikohozi wala mlango wa jirani. Kushoto. Simama hapo. Mama wa kampuni alikwenda kushoto, akasimama. Walifika kwenye ngazi iliyovunjika, mahali ambapo watu wote walishika pumzi, na sauti ile nzuri ikasema, "Taratibu, mama. Nipo."

Baba alishtuka kama mtu aliyeguswa na maji baridi. Akageuka nyuma, akatazama huku na huku kati ya watu, akimtafuta anayesema. Kisha akaelewa. Alisikiliza mpaka mchezo ukafika mwisho na mchezaji akatoka nje kwenye mwanga. Watu walipiga makofi. Baba naye alipiga.

"Anasema vizuri," alimwambia mkewe. "Maneno ni yangu, lakini anayasema vizuri."

* * *

Kabla hawajatawanyika, Ratiba alimwambia Masikio maneno machache pembeni. Alisema kama Masikio angemwambia ukweli tangu mwanzo, yeye angetafuta njia, na hilo ndilo linalomuuma, kwamba hakupewa nafasi ya kuwa mtu mwema. Mhadhiri alisema alama zake zitaandikwa peke yake, kwa kuwa kazi ya kundi haifanywi kwa kuviziana. Kampuni iliahidi kutoa jibu baadaye. Masikio alikubali yote. Aliyavumilia kwa urahisi kwa sababu lililomtafuna halikuwa hapo, lilikuwa mlangoni limevaa koti, linamngoja waende nyumbani.

Walitoka wanne. Mama alitangulia pamoja na fundi wa boila, makusudi kabisa. Baba na binti walitembea sambamba hadi kwenye barabara kubwa, magari yakipita kwa kasi ya watu wanaotoka kazini. Alimwomba radhi. Baba akasema amesikia. Hakusema amesamehe.

Wakafika ukingoni. Masikio alisimama, akangoja. Hakuwahi kuvuka barabara na baba yake bila kuambiwa yale maneno, hata alipokuwa mkubwa, hata alipoona haya mbele ya wenzake. Baba alitazama kulia, akatazama kushoto. Gari moja likapita, na jingine. Mdomo wake ulifunguka kidogo, ukafungwa. Labda maneno yalikuwa na mwenyewe mwingine sasa, na yeye ni mtu asiyegusa cha watu.

Nafasi ilipopatikana, Masikio alimshika mkono.

"Taratibu, baba," alisema. "Nipo."

Walivuka. Upande wa pili baba hakuuachia mkono mara moja. Alitembea kidogo akiwa ameinamisha kichwa, kisha akamtazama binti yake kwa mara ya kwanza tangu ukumbini.

"Unakaimu vizuri," alisema.